Ukungu wa Monet haukutoka machoni

Utasikia mara nyingi kwamba Claude Monet, mchoraji wa mandhari wa Ufaransa, alichora vitu vyenye ukungu kwa sababu hakuona vizuri. Kisa kitamu, ila tarehe zinakikataa.

Mchoro wake wa alfajiri katika bandari ya Le Havre, ule uliowapa Waimpreshonisti, kundi lake la wachoraji, jina lao, una tarehe ya 1872. Alikuwa kijana wa miaka 30 na ushei. Madaktari walimkuta na mtoto wa jicho mwaka 1912, miaka 40 baadaye! Ukungu ule ulikuwa wa bandari yenyewe, pamoja na moshi wake. Naye alitaka kuunasa mwanga kabla haujageuka, ndiyo maana brashi ilikwenda mbio.

Hata hivyo, uvumi huu haukuzuka hewani. Mtoto wa jicho huipaka lenzi ya jicho umanjano, akazuia rangi ya bluu isipite vizuri. Tazama daraja la Kijapani la bustani yake huko Giverny: mwaka 1899 alilichora katika kijani tulivu, lakini michoro ya kuanzia 1918 hivi imewaka wekundu na hudhurungi, na daraja lenyewe hulioni hadi ulitafute. Hapo, kwa maoni yangu, ugonjwa una mkono wake.

Mwaka 1923, baada ya kusukumwa na rafiki yake Georges Clemenceau, daktari aliyewahi kuwa waziri mkuu, Monet alikubali kupasuliwa jicho la kulia. Kisha akalalamika kwamba anaona bluu kupita kiasi, akapewa miwani ya rangi. La kushoto alikataa katakata lisiguswe.