Kwa nini kaiti ndogo hutaka hewa ngumu kuliko kubwa?

Msimu wa kusi ukichanganya huko Paje, Unguja, wanaoteleza juu ya maji kwa ubao huku wakivutwa na kaiti huweka kando zile za mita 12 za mraba na kutoa za mita 5. Hizi ni tiara zenye mabomba ya kujazwa hewa, wazo ambalo ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliliombea hataza mwaka 1984. Anayejifunza akishika pampu huihurumia ile ndogo, asije akaipasua. Akishaingia majini na upepo ukavuta, bomba la mbele linakunjika katikati kama bua la jani la mpapai, na kaiti inadondoka.

Kaiti ndogo hutolewa pale upepo unapokuwa mkali. Upepo ukipanda kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 50, msukumo wake kwa kila mita ya mraba huwa mara 4. Kwa hiyo mzigo haukupungua kama kitambaa kilivyopungua, maana anayeburutwa ni mtu yule yule. Kilichokonda ni uti wa mgongo, yaani lile bomba la mbele. Na kukonda huku kuna gharama: bomba likipungua kipenyo nusu, kwa presha ile ile, uwezo wake wa kukataa kukunjika hubaki 1/8 tu. Nyuzi zinazolishika bomba hilo sehemu kadhaa husaidia, lakini hazichukui nafasi ya hewa.

Woga wa kupasuka nao hauna msingi sana. Presha ikiwa sawa, kitambaa cha bomba jembamba huvutika kidogo kuliko cha bomba nene. Ndiyo maana tairi jembamba la baiskeli ya mashindano huhimili PSI (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha) 80 hadi 100, huku la trekta likitosheka na 15 hivi. Kaiti ya mita 12 ikijazwa PSI 6 au 7, ya mita 5 mara nyingi hutaka 8 au zaidi. Fuata kiwango cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi huandikwa karibu na vali.

Wazoefu hulipiga bomba kwa ukucha: likilia "ting" liko tayari, likijibu "dup" rudi kwenye pampu. Ila jua hudanganya. Hewa iliyosoma PSI 8 ikiwa na joto la nyuzi 45 pale mchangani, ikipoa hadi nyuzi 27 hushuka chini ya 7. "Ting" ya saa saba mchana ufukweni inaweza kuwa "dup" dakika chache baadaye, nawe uko mbali majini.