Ujira wa kutazama, na kwa nini programu roboti huufuata

Ujira wa kutazama ni malipo ya tokeni, yaani sarafu ya kidijitali, ambayo jukwaa la mtandaoni humpa mtu kwa sababu amelipatia muda wake: ametazama tangazo, amegusa skrini au ameandika maoni. Kivinjari cha Brave hulipa kwa tokeni ya BAT, iliyouzwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Steemit, mtandao wa kuchapisha maandiko ulioanza mwaka 2016, ililipa waandishi kulingana na kura walizopigiwa.

Ugumu wa mpango huu ni kwamba umakini wenyewe haupimiki, na kinachohesabiwa ni nyayo zake tu, yaani mibofyo, dakika na kura. Mwenye shamba la zabibu Hombolo, Dodoma, analielewa hilo bila darasa: akiwalipa wachumaji kwa idadi ya kreti pasipo kukagua kilichomo, jioni atapokea kreti nyingi zenye vichala vizuri juu, na chini yake majani, vikonyo na zabibu mbichi. Wachumaji hao hawakuvunja sharti lolote. Sharti ndilo lililosema kreti. Kwa mtazamo wangu, programu roboti, yaani programu inayobofya na kupiga kura yenyewe bila mtu, nayo ni mchumaji wa aina hiyo, ila haichoki. Pale Steemit, ambako uzito wa kura ulitokana na wingi wa tokeni za mpigaji, zilizuka programu zilizouza kura waziwazi, na andiko likapanda kwa sababu mwandishi wake amelilipia.

Hila iliyoenea zaidi ni ya mtu mmoja kujifanya umati. Wataalamu huiita shambulio la Sybil, na katika makala yake ya mwaka 2002 mtafiti wa kompyuta John Douceur alionyesha kwamba, pasipo mamlaka ya kuthibitisha utambulisho, ni vigumu mno kuizuia kabisa. Mchezo wa Hamster Kombat, kabla ya kugawa tokeni mwaka 2024, ulitangaza kuwaengua washiriki milioni 2.3 kwa udanganyifu.

Kwa hiyo mbunifu wa malipo hana budi kuanza na hesabu ya mdanganyifu. Tuseme akaunti moja inaingiza shilingi 300 kwa siku na kuitunza kunagharimu 100: hapo atafungua akaunti kadiri awezavyo, na ulinzi wenye maana ni ule unaopandisha hiyo 100 au kushusha hiyo 300. Kudai namba ya simu hupandisha gharama hapa kwetu Tanzania, kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha taifa, ingawa sharti hilo humfungia nje pia mtu mwaminifu asiye na kitambulisho. Katika kibanda kimoja cha kuchajia simu, Nkuhungu, nilimkuta kijana aliyepanga simu nne mezani, zote zikijigusa zenyewe kwa programu. Jukwaa lake lilipoanza kudai namba kwa kila akaunti, simu tatu alizirudisha kwa wenyewe; ya nne bado anaitumia, na siku hizi anaigusa kwa kidole chake.