Kwa nini rola ya sponji haifai kupaka tumbo la boti?

Umepandisha boti nchi kavu, umelikwangua tumbo lake likawa safi, na mkononi una rola ya sponji uliyoinunua kwa bei ya kutupa. Unaichovya kwenye rangi ya kuzuia viumbe vya baharini, ile ambayo mafundi wengi huiita antifaulingi, unaanza kazi. Haupiti muda mrefu sponji inavimba, inalegea, kisha inaanza kumeguka. Mwishowe bomba tupu linazunguka kwenye mpini, na rangi mbichi imejaa chembechembe ambazo itabidi uziokote moja moja kwa kucha.

Sababu ya kwanza ni viyeyushi. Rangi nyingi za namna hii huchanganywa na viyeyushi vikali kama zailini, na sponji za kawaida za rola ni povu la plastiki. Kiyeyushi kinachoweza kuifanya gundi ya rangi iwe majimaji hakioni shida kulilainisha povu hilo pia. Zipo rangi za tumbo la boti zinazochanganywa kwa maji, na hizo sponji huzivumilia. Zipo pia sponji nzito zilizotengenezwa mahususi kustahimili viyeyushi. Kwa hiyo ingekuwa shida ni kumeguka tu, ungelipa zaidi kidogo ukapata sponji imara, mambo yakaisha.

Hayaishi, kwa sababu kwenye kazi hii rola ni kibaba. Ndiyo inayopima dawa.

Ukuta wa sebuleni ukishapakwa rangi ukafunika, umefunika. Rangi ikiwa nyembamba kidogo hakuna anayejua. Tumbo la boti ni kitu kingine. Rangi yake ni akiba ya sumu inayotolewa kidogo kidogo, na kwa rangi nyingi sumu hiyo ni oksidi ya shaba. Maji ya bahari huyeyusha shaba hiyo taratibu, ikafanya utando mwembamba wa maji machungu kuzunguka boti, na mabuu ya viumbe wenye magamba, wale wanaojigandisha kama saruji, wakifika hapo hawashiki. Kiwango kinachotajwa tangu zamani kuwa cha chini cha kuwazuia viumbe hao ni takriban mikrogramu 10 za shaba kwa kila sentimita mraba kwa siku. Ni kiasi kisichoonekana kwa macho. Lakini kizidishe: kwa mita mraba moja ni miligramu 100 kwa siku, na kwa mwaka mzima ni gramu 36 na ushei. Shaba hiyo lazima iwe imo ndani ya rangi siku boti inaposhushwa majini, kwani hakuna nafasi ya kuongeza baadaye bila kuipandisha tena.

Sasa angalia hesabu ya unene. Lita moja ya rangi ikitandazwa kwa unene wa maikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, ikiwa mbichi hufunika mita mraba 10 kamili. Rola yenye manyoya mafupi mno, au sponji laini, inaweza kuitandaza lita ileile kwenye mita mraba 15 au zaidi, na mpakaji akafurahi kwamba rangi imemfikisha mbali. Ukweli ni kwamba amepunguza dawa kwa theluthi moja. Uso utapendeza, rangi itakuwa sawasawa kutoka omo hadi tezi, na mwani utaota mapema kuliko alivyotarajia. Kisha atailaumu rangi.

Njia rahisi ya kujikagua ni kuhesabu makopo. Kwa boti ya tanga ya umbo la wastani, eneo la chini ya maji hukadiriwa kwa kujumlisha upana na kina inachozama, kuzidisha kwa urefu wa mstari wa maji (pale maji yanapofika ubavuni boti ikielea), kisha kuchukua robo tatu ya jibu. Boti yenye urefu huo wa mita 8, upana wa mita 2.5 na kina cha mita 1.5 inakupa mita mraba 24. Kwa tabaka mbili, ikiwa rangi yako ni ya kufunika mita mraba 10 kwa lita, unahitaji karibu lita 5. Ukimaliza tabaka zote mbili na lita 2 zimebaki kwenye ndoo, usijipongeze. Piga tabaka ya tatu. Wanaotaka uhakika zaidi hutumia kipimo kidogo cha bati chenye meno kama kitana: unakichomeka kwenye rangi mbichi, na jino la mwisho lililolowa linakusomea unene.

Basi rola ipi? Kwa boti nyingi za matembezi na za kazi, chagua yenye manyoya ya milimita 6 hadi 10, yaliyofumwa na si kubandikwa tu, na ambayo kifungashio chake kinasema wazi kwamba inastahimili viyeyushi. Rangi laini, zile zinazojimenya zenyewe kadiri boti inavyotembea, hupenda manyoya ya upande wa 10, maana unene ndio uhai wake. Rangi ngumu, ambazo hubaki mahali pake na kuachia shaba kupitia vitundu vidogo, huweza kupakwa kwa manyoya mafupi zaidi. Ukipita milimita 12 unatafuta taabu: rola inabeba rangi kupita kiasi, nusu inateremka kwenye mkono, nyingine inakuangukia usoni. Na karatasi ya maelekezo ya rangi yenyewe ikitaja urefu fulani wa manyoya, ifuate hiyo uachane na maneno yangu.

Kuna kitu watu wengi hawakiangalii: bomba lililo ndani. Rola za bei ya chini hujengwa juu ya bomba la karatasi ya kawaida, na manyoya yameshikizwa kwa gundi isiyopenda viyeyushi. Manyoya yanaweza kuwa mazuri kabisa, lakini bomba likilowa linalegea, na ala yote inateleza kutoka kwenye fremu ukiwa umelala chini ya mkuku, ule uti wa chini kabisa wa boti. Bomba la plastiki ngumu au karatasi iliyoshindiliwa kwa resini huepusha aibu hiyo. Kabla ya kuichovya rola mpya, izungushie utepe wa kunata halafu uubandue kwa nguvu. Utashangaa manyoya yaliyolegea yanayotoka nao. Yasipotoka hapo, yatatoka kwenye rangi.

Ukubwa nao una maana yake. Fundi wa kuta atakwenda moja kwa moja kwenye rola ya sentimita 23, kwani ndiyo inayomaliza kazi upesi. Lakini oksidi ya shaba ina uzito wa karibu mara sita ya maji, na kopo la lita moja la rangi yenye shaba nyingi linaweza kukaribia kilo 2. Rola pana iliyoshiba rangi hiyo, imeinuliwa juu ya kichwa kwa saa mbili, itakufundisha misuli ambayo hukujua unayo. Ya sentimita 18 ni suluhu nzuri. Kwenye mapindo ya usukani na pembeni mwa mkuku, kirola cha sentimita 10 kinaingia vizuri, ila kumbuka hutandaza rangi nyembamba, hivyo upitishe mara moja zaidi. Funga mpini mrefu hata kama boti ni ndogo: hautakusaidia kufika mbali tu, utakuweka pembeni ya matone na wala si chini yake.

Uzito huo wa shaba ndio unaofanya kukoroga kuwe nusu ya kazi. Shaba huzama chini ya kopo, na usipoiinua utapaka upande wa kwanza kwa maji ya rangi na upande wa pili kwa tope la shaba. Koroga hadi fimbo isiguse kitu kizito chini, na urudie kila unapojaza trei.

Unapopaka, pita mara chache. Tandaza, sawazisha mara moja, songa mbele. Viyeyushi huruka upesi hasa penye jua, na rola ikirudi mahali palipoanza kukauka huburuta rangi na kuacha makovu. Anza upande wenye kivuli na ulifuate jua likizunguka. Tabaka ya ziada iende kwenye mstari wa maji, kwenye ncha ya mbele ya mkuku na kwenye usukani, kwani hapo maji hupita kwa nguvu na kuila rangi haraka.

Wapo wasiokubaliana nami kuhusu unene, nao wana haki yao. Wanamashindano ya matanga huchukia vinundu kama vya ganda la chungwa ambavyo manyoya huacha, maana uso wenye vinundu huongeza ukinzani wa maji. Hao hutumia rola ya mohea, manyoya mafupi sana ya mbuzi wa Angora, na rangi ngumu, wakapaka tabaka nyingi nyembamba kisha wakasugua kwa msasa wa maji hadi uso ung'ae. Kwa boti inayotembea polepole, faida hiyo humezwa mara tu utando wa kwanza wa ute unapoota.

Jambo moja rola haiwezi kulirekebisha ni kupaka rangi ya shaba penye metali isiyopatana nayo. Mwaka 1761 jeshi la maji la Uingereza liliifunika meli ya HMS Alarm kwa mabati ya shaba. Viumbe walizuiwa kweli, lakini meli ilipokaguliwa miaka miwili baadaye, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Hali ni ileile kwa boti ya alumini leo: usiipake rangi ya oksidi ya shaba, tafuta ya aina nyingine. Vipande vya zinki vilivyofungwa ili vilike badala ya vyuma vingine navyo viachwe bila rangi kabisa, maana zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi.

Glavu, miwani na barakoa ni lazima, na rangi ya zamani isisuguliwe ikiwa kavu, kwa kuwa vumbi lake ni sumu. Kati ya tabaka ya kwanza na ya pili, ifunge rola ndani ya mfuko wa plastiki bila kuacha hewa. Itakusubiri ikiwa laini. Kuiosha baada ya kazi hakufai: utatumia kiyeyushi cha thamani kuliko rola, halafu ubaki na ndoo ya maji ya sumu ya kushughulikia. Itupwe pamoja na taka za rangi.

Ila usiitupe mapema. Chini ya boti kuna mabaka manne au sita ambayo hukuyagusa, pale nguzo na magogo yalipokuwa yameishikilia. Bakiza kikombe cha rangi na kile kirola kidogo hadi siku ya kushusha, boti itakapokuwa imening'inia kwenye mikanda.