Mtoto anayesema "tuku" badala ya "kuku": ninavyofundisha k na g

Mtoto wa miaka 2 na nusu akimwita kuku "tuku" na goti akaliita "doti", simfanyii kitu. Wengi huacha wenyewe wakikaribia miaka 3 na nusu. Akitimiza miaka 4 na bado yuko hapo hapo, hasa kama ng'ombe naye ni "nombe", basi kuna kazi. Sauti k, g na ng' hutokea mahali pamoja: sehemu ya nyuma ya ulimi hupanda ikagusa kaakaa laini, yaani ile sehemu laini ya nyuma ya paa la kinywa. T, d na n hutokea mbele, ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya juu. Mtoto huyu amezihamishia mbele sauti zote za nyuma. Wazazi huja na orodha ya maneno 40 yaliyoharibika, kumbe kosa ni moja tu.

Kwanza masikio. Nta iliyoziba, sikio linalotoa usaha, au majimaji nyuma ya ngoma ya sikio hutosha kumfanya mtoto asiitofautishe k na t, kwa sababu tofauti yenyewe ni mlio mfupi mno. Bila kipimo cha usikivu sianzi. Kisha naangalia kinywa: akisema "aaa", kaakaa laini linapanda? Kama aliwahi kushonwa kaakaa lililopasuka, au hewa inamtoka puani anaposema "papa", au k yake ni mkato wa kooni tu ("u'u" kwa kuku), hilo ni tatizo jingine na haya ninayoeleza hapa hayamfai.

Wapo wanaodhani dawa ni kukata uzi wa chini ya ulimi au kukata kilimi. Uzi huo hushika ncha, na k haiitaki ncha kabisa. Ncha inatakiwa itulie chini. Kukata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ndiyo kabisa hakuna kinachosaidia kwenye matamshi, na kukikata kienyeji kunaleta kutokwa damu na maambukizi.

Kazi yenyewe naianza kwa kusikiliza, mtoto hasemi kitu. Kiswahili kimetujalia jozi nzuri: gari na dari, kaa na taa, goti na doti, kanga na tanga. Natamka, yeye anaonyesha kwa kidole: gari la kuchezea au dari juu, goti lake au doti ya kanga. Akipata 8 kati ya 10 tunasonga. Asipopata, tunabaki hapo hata vipindi vitatu, maana mtoto asiyesikia tofauti hana sababu ya kuitamka.

Kuitoa k ya kwanza ndipo wengi wanapokwama. Mbinu ninayoitegemea ni kuzuia ncha. Mpini safi wa kijiko kidogo, au kidole cha mtoto mwenyewe kilichooshwa, unashikilia ncha ya ulimi nyuma ya meno ya chini, halafu namwambia aseme "ta". Kwa kuwa ncha haiwezi kupanda, nyuma ya ulimi hupanda badala yake, na kinachotoka ni "ka". Usiuingize mpini zaidi ya pale mbele. Ukifika katikati ya ulimi atataka kutapika, na siku hiyo imeisha. Ikishindikana namlaza chali, kichwa kimelegea, ulimi urudi nyuma kwa uzito wake. Mwenye ng' nzuri nina bahati naye: anaivuta "ng'ng'ng'" kisha anaiachia ghafla, na g inatoka. Simwambii "sema k". Namwambia "sauti ya nyuma" huku nikigusa chini ya kidevu changu karibu na koo, na ishara hiyo inabaki ukumbusho wetu mpaka mwisho.

Irabu inayofuata ina uzito kuliko watu wanavyodhani. O na u huvuta ulimi nyuma, kwa hiyo "ko" na "ku" huja mapema, "ka" baadaye kidogo. I na e huuvuta mbele, ndiyo maana "ki" huchelewa. Nyumbani mzazi huanza na nini? Kitabu, kiti, kidole! Maneno hayo yana "ki" na pia yana t au d inayomrudisha mtoto mbele. Yangu ya mwanzo hayana t, d wala n: kobe, kopo, kofia, kapu, kuku, paka, mfuko, kwa g ni gogo, mguu, mboga. Kiti na kitabu ni vya mwishoni kabisa.

Vitabu vya mazoezi vya Uingereza na Marekani mara nyingi hushauri kuanza na k ya mwisho wa neno, kwa sababu ni rahisi kwa watoto wao. Kwetu karibu kila neno huishia na irabu, kwa hiyo ushauri huo haunisaidii. Mahali panapofanana nao ni k iliyo kati ya irabu mbili: oko, uku, aka, kisha paka na mfuko.

Kipindi cha dakika 30 nataka kisipungue majaribio 80. Kila akitamka anatupa harage moja kwenye kopo, na mahesabu yanakuwa rahisi. Napanda ngazi, yaani silabi, neno, kirai, sentensi, akipata 8 kati ya 10 bila kuniigiza, vipindi viwili mfululizo.

Makosa ya njiani nayajua kwa sura. La kwanza ni "k-tuku": amejifunza k lakini ameibandika mbele ya neno lake la zamani. Dawa ni kutenganisha: k, kimya kidogo, kisha "uku" kwa kunong'ona, na kufupisha kimya hicho polepole. La pili ni kupitiliza, taa ikawa "kaa" na tatu ikawa "kaku". Wazazi hushtuka, mimi hufurahi kidogo, maana kanuni imeanza kuhama. Jozi za mwanzo zinarudi mezani, safari hii anatamka yeye na mimi ndiye ninayeonyesha kidole, hata akikosea. Akitaka gari akasema "dari", naangalia juu.

Nyumbani ni dakika 5 mara mbili kwa siku, kwa maneno anayoyaweza tayari, pamoja na yeyote anayeshinda naye: mama, bibi, au dada wa kazi. Saa nyingine zote asisahihishwe. Akisema "tuku", mjibu: "Eeh, kuku. Kuku anakula kokoto." Amelisikia neno sahihi na mazungumzo hayajakatika. Kumwambia "sema vizuri" mbele ya wageni humfanya apunguze kusema, na asiposema hakuna cha kurekebisha.

Vipindi 8 vikipita bila hata k moja safi, nasimamisha mazoezi na kuanza upya na masikio na kaakaa. Naangalia pia kama neno moja analitamka kila mara kwa namna tofauti, leo "tuku", baadaye "puku", mara "uchu". Huyo mpango wake unakuwa mwingine: maneno machache, marudio mengi zaidi, na vipindi vifupi vya mara kwa mara badala ya kimoja kwa wiki.