Kupumua kwa tumbo: tunayoambiwa na ilivyo kweli

Mimi ni mtu wa fiziotherapia na wagonjwa wangu wengi ni wa kifua, na hili zoezi la kupumua kwa tumbo nalipenda mno, ndo maana linaniuma nikiona linavyosambazwa kwenye simu kama vile ni dawa ya kila kitu na ya kila mtu. Ngoja niseme yale ninayokutana nayo kila wiki.

La kwanza, eti hewa inaingia tumboni. Hapana jamani, hewa inaingia kwenye mapafu basi, ile inayokwenda tumboni ni ile unayomeza halafu unaicheua. Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaitwa kiwambo, sisi kazini tunasema diaframu, umekaa kama bakuli lililofunikwa, mgongo juu mdomo chini. Ukivuta hewa unakaza na kushuka, kwa pumzi ya kawaida ni kama sentimita 1 mpaka 2 hivi, na ukivuta kwa nguvu zako zote unaweza kushuka hata kufika 10. Ukishuka, mapafu yanapata nafasi ya kutanuka, na vilivyoko tumboni navyo vinasukumwa kwaiyo tumbo linajaa kwa mbele. Yani tumbo kuinuka ni matokeo tu. Sasa watu wanalisukuma tumbo nje kwa misuli ya tumbo, linapanda kweli, lakini hewa yenyewe hawajavuta! Weka mkono mmoja kifuani mwingine juu ya kitovu, lala umeegemea mito, magoti umeyakunja, vuta taratibu kwa pua, na uache mkono wa chini uinuke wenyewe bila kuulazimisha. Mbavu za chini nazo zitatanuka pembeni, ni sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa.

Kuna wanaoniambia "mimi diaframu yangu haifanyi kazi, napumua kwa kifua". Ndugu yangu, kwa wengi wanaosema hivyo inafanya kazi vizuri tu. Huo msuli unaendeshwa na neva zinazotoka shingoni, kushoto na kulia, na ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupumua hata ukiwa umelala fofofo. Kinachotokea kwa wengi ni kwamba mtu akiwa na wasiwasi au maumivu anaanza kuzidisha misuli ya shingo na mabega, mabega yanapanda, pumzi inakuwa fupi fupi, mwisho shingo inauma na anachoka. Hapo ndo zoezi linasaidia, tunapunguza kazi ya shingo. Hatuamshi kitu kilichokuwa kimekufa.

Halafu lile la vuta nyingi, vuta kubwa, ujaze oksijeni mwilini. Mtu mzima mwenye mapafu mazima, oksijeni yake kwenye damu tayari iko 95 kwenda 100 kwa mia, hiyo ya kuongeza utaiweka wapi? Ukizidisha pumzi kubwa za haraka unachofanya ni kuitoa kaboni dioksaidi kupita kiasi, na ndo unaanza kusikia kizunguzungu, vidole na midomo kuwa kama vinatambaa wadudu, unaogopa unazidi kuvuta, inazidi. Pumzi ya zoezi hili ni ya utulivu na ya kawaida tu, kutoa kuwe kurefu kidogo kuliko kuvuta. Na wale wanaosema zoezi hili linayeyusha kitambi, haliyeyushi.

Hili linalofuata ndo lililonifanya niandike. Wanasema kupumua kwa tumbo ni kwa kila mwenye ugonjwa wa mapafu. Sio kweli, na kwa wengine linaumiza. Nilimpata bibi mmoja kapika kwa kuni maisha yake yote, jiko la ndani, moshi hauna pa kutokea, ana ule ugonjwa sugu wa njia za hewa kubana, COPD. Mjukuu wake kwa upendo kabisa kamwonyesha klipu, akawa anamlaza chali kila asubuhi ajaze tumbo, na bibi anazidi kuhema. Kwa mtu kama huyu hewa inanasa kwenye mapafu haitoki yote, mapafu yanabaki yamejaa na yanaisukuma diaframu chini mpaka lile bakuli linakuwa kama sinia. Sinia halina pa kushuka tena, ikikaza inavuta mbavu za chini kwa ndani badala ya kuzitanua, ukimtazama pembeni unaona kabisa. Ukimlazimisha apumue kwa tumbo unamwongezea kazi tu, na kuhema kunazidi. Huyo shida yake kubwa ni kutoa hewa, kwaiyo tulianza na kutoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unapoza chai.

Na wenye pumu, tafadhali sana, zoezi halichukui nafasi ya inhela, kile kifaa cha kuvuta dawa. Mazoezi ya kupumua yanaweza kumpa mtu unafuu na maisha yakawa mepesi, ila ule uvimbe ndani ya njia za hewa yanauacha pale pale, unahitaji dawa yake. Fanya ukiwa umetulia, dakika 5 mpaka 10, mara mbili tatu kwa siku, ili mwili uzoee. Ukibanwa kweli, huwezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, hapo ni inhela yako ya kutuliza pumu na hospitali haraka, usikae kuhesabu pumzi.

Waliopasuliwa tumbo nao wanadhani wakivuta pumzi ya kina nyuzi zitaachia. Wanapumua kwa juu juu kwa kuogopa, sehemu za chini za mapafu zinasinyaa na makohozi yanakaa. Kumbatia mto juu ya kidonda, vuta pumzi 3 au 4 za kina, pumzika, kisha toa hewa kwa nguvu mdomo wazi kama unavyopulizia miwani kabla ya kuifuta. Na mara tu wakikuruhusu, toka kitandani utembee.

Yule bibi hatumlazi tena chali. Akichoka anakaa, anainama mbele, viwiko juu ya meza, tumbo linaibeba diaframu kutoka chini na lile bakuli linarudi kidogo, mabega yanashuka, anapoza chai yake mpaka pumzi ikae sawa, halafu anaendelea kuchambua mchele.