Kabla hujanunua bastola ya dubu

Kila mwaka theluji ikianza kuyeyuka, swali la bastola ya kujikinga na dubu hurudi mezani kwetu katika kitengo cha elimu ya usalama wa nyikani, na siku hizi mara nyingine linakuja kwa Kiswahili. Muulizaji ni kijana wa Kikongo kutoka katika familia zilizoanza kufika Missoula, mji wa jimbo la Montana nchini Marekani, mwaka 2016, au ni Mkenya aliyepata kazi ya msimu kwenye kiwanda cha samaki Alaska. Wenzake kazini wamemwalika kwenda kuvua samaki mtoni, siku tatu porini, na kila mmoja ana bastola kifuani. "Hii yote ni kwa ajili ya dubu," wamemwambia. Naye anataka kujua: anunue ipi?

Dukani atajibiwa kwa ukubwa wa risasi. Mimi huanza na saa. Dubu wa kahawia, ambaye mbali na pwani wanamwita grizli, akiamua kukimbia hufikia kilomita 56 hivi kwa saa. Hizo ni mita 15 kwa kila sekunde. Ukiwa kwenye vichaka vya kando ya mto, maji yanavuma na upepo unakupiga usoni, unaweza usimwone mpaka awe mita 30 kutoka ulipo. Basi una sekunde mbili, na katika hizo mbili ya kwanza huliwa na mshangao. Iliyobaki ndiyo ya kushika silaha, kuitoa, kulenga na kufyatua. Bastola yoyote utakayoinunua itapimwa ndani ya sekunde hiyo moja.

Sisi tuliotoka Afrika tuna jambo la ziada la kukumbuka. Kusini mwa Sahara hakuna dubu, na wale waliokuwapo kwenye milima ya Atlas walitoweka karne ya 19. Hata jina lenyewe tumelichukua kwa Waarabu. Nimekutana na watu waliokulia kando ya hifadhi, wanaojua mbogo akikukasirikia anafanya nini, wakadhani ujuzi huo unahamishika wote. Sehemu yake inahamishika: usikimbie, usiingie kati ya mama na watoto wake, usisogelee mzoga. Lakini dubu ana desturi zake. Mara nyingi humjia mtu mbio kisha akasimama mita chache mbele yake, akageuka na kuondoka. Ni vitisho tu. Mwenye bastola asiyelijua hilo atampiga risasi dubu aliyekuwa anaondoka, naye dubu aliyejeruhiwa hana tena sababu ya kuondoka.

Alaska ina dubu wa aina tatu: weusi, ambao ndio wengi zaidi, wa kahawia, na weupe wa pwani ya kaskazini. Montana kuna weusi na grizli. Dubu mweusi anayeingia mitaani Missoula kufuata matufaa hahitaji bastola. Anahitaji wewe uchume matunda yako na ufunge pipa la takataka.

Sasa tuje kwenye utafiti, maana hapa ndipo mabishano yalipo. Tom Smith wa Chuo Kikuu cha Brigham Young na Stephen Herrero wa Chuo Kikuu cha Calgary, pamoja na wenzao, walikusanya visa vya Alaska wakavichapisha mara mbili. Mwaka 2008 walitoa matokeo ya pilipili ya kupuliza, ile inayouzwa ndani ya makopo: iliwazuia dubu wa kahawia mara 92 kati ya 100, na weusi mara 90. Kati ya watu wote waliokuwa na makopo hayo katika visa vya karibu, asilimia 98 hawakujeruhiwa. Mwaka 2012 wakatoa matokeo ya silaha za moto kutokana na visa 269, vya tangu 1883 hadi 2009. Bastola zilifaulu asilimia 84, na bunduki ndefu asilimia 76.

Wapenda bastola hushika ile 84, wapenda pilipili hushika ile 92, wakarushiana kama mashabiki wa Simba na Yanga. Mimi nasema tusilinganishe namba hizo kana kwamba zimetoka mizani moja. Visa vya silaha za moto vina wawindaji ndani yake na hali ambazo mtembeaji wa kawaida hazimkuti, na vya bastola vilikuwa 37 tu. Linalonigusa zaidi kwenye karatasi ya 2012 ni jingine: waliokuwa na silaha wakazitumia waliumia kwa kiwango kilekile cha waliokuwa nazo wasizitumie. Pale silaha iliposhindwa, sababu iliyoongoza, zaidi ya robo ya visa, ilikuwa mtu kukosa muda wa kufanya lolote. Wengine silaha ilikwama, wengine walishindwa kuondoa sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, wengine walikosa shabaha. Udogo wa risasi haukuwa ndilo tatizo kubwa.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa mgeni ni kopo la pilipili, na silioni aibu hata akinitazama kwa huruma. Kopo halihitaji shabaha kali. Linatoa wingu, na dubu anaingia mwenyewe ndani yake. Nunua lililoandikwa kuwa ni la dubu, maana yale madogo ya kujikinga na wahuni ni kitu tofauti. Liwe na gramu 225 au zaidi, kiini cha pilipili kati ya asilimia 1 na 2, lifike mita 8 hivi na lidumu walau sekunde 6. Dubu akiwa anakujia, puliza akiwa bado mbali kidogo, ukielekeza chini kidogo ya kichwa chake ili wingu liwe mbele yake. Upepo ukiwa unakuja kwako nawe utaonja, lakini utapona. Tena tafadhali, si dawa ya mbu. Wapo waliopulizia hema na mikoba yao wakidhani wanaweka kinga, kumbe harufu ikishapoa huwavuta dubu wa kahawia badala ya kuwafukuza.

Umesikia hayo yote na bado unataka bastola. Sawa. Wapo wenye sababu: anayelala peke yake kambini, anayechuna mnyama aliyemwinda, anayefanya kazi penye upepo mkali kila siku. Tuichague basi.

Kipimo cha kwanza ni mkono wako. Rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, ya .44 Magnum, ambayo risasi yake ilitoka mwaka 1955, ndiyo chaguo la jadi huko Alaska. Ina nguvu, ina risasi sita au tano, na ikiwa ya chuma kizito ina uzito wa zaidi ya kilo moja. Uzito huo utaulalamikia ukipanda mlima, kisha utaushukuru ukifyatua, maana ndio unaomeza teke la bastola ikirudi nyuma. Zipo rivolva nyepesi za risasi hiyohiyo zenye karibu nusu ya uzito. Ni raha kuzibeba. Ukifyatua mara mbili, ya tatu unaifumbia macho kabla haijalia, na risasi inakwenda kwenye majani. Iko pia .500 Magnum, iliyotoka 2003, ambayo yenye mtutu mrefu inakaribia kilo 2. Wengi walioinunua waliipiga siku moja kiwanjani wakairudisha kabatini. Bastola usiyoweza kuifanyia mazoezi umeinunua bure.

Upande wa pili kuna bastola za magazini za milimita 10. Doria ya Sirius, wanajeshi wa Denmark wanaozunguka kaskazini mashariki mwa Greenland kwa sledi za mbwa, hubeba Glock 20 ya risasi hiyo kwa sababu ya dubu weupe. Inabeba risasi 15, teke lake linavumilika, na ni bapa, inakaa vizuri mwilini. Kasoro zake mbili. Ukiishika kwa mkono uliolegea inaweza kukwama. Na ikiwa dubu tayari yuko juu yako, mdomo wa mtutu ukibanwa kwenye manyoya, sehemu ya juu husukumwa nyuma na silaha isilie. Rivolva haina shida hiyo.

.357 Magnum ni ya kati, na kwa mtu mwenye mikono midogo mimi huiona chaguo zuri kuliko .44 asiyoiweza. Kuhusu milimita 9, utasimuliwa kisa cha mwaka 2016, cha kiongozi wa uwindaji Alaska aliyemwangusha dubu wa kahawia kwa bastola ya aina hiyo ili kuwalinda wageni wake wavuvi. Kisa ni cha kweli. Ila mtu huyo alikuwa na miongo kadhaa ya kuishi na dubu, na alikuwa ameweka risasi maalumu zilizoundwa kuzama ndani sana. Ukimwiga, muige yote.

Hizo risasi maalumu ndizo watu husahau. Risasi nyingi za kujilinda mjini zina shimo puani ili zifunguke kama ua ndani ya mwili wa binadamu na kuishia humo. Kwa dubu hiyo ni hasara: mbele yake kuna manyoya, mafuta, misuli na mfupa mnene wa bega. Unahitaji risasi isiyofunguka, ya madini yaliyokazwa au ya shaba tupu, yenye pua bapa, itakayokwenda moja kwa moja mpaka mahali pa uhai. Kabla ya kuzijaza soma kijitabu cha bastola, kwani watengenezaji wengine hawataki risasi zisizovikwa shaba. Kisha piga pakiti nzima uone kama silaha yako inazimeza bila kukwama.

Ala ya bastola usiiweke kiunoni. Mkanda wa begi la mgongoni utaifunika, na hapo ndipo zile sekunde mbili zitakapoishia. Iwe kifuani, juu ya koti. Kopo nalo likae mahali ambapo mkono mwingine unalifikia. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: vaa begi na glovu kama unavyokwenda porini, simama mita 7 kutoka kwenye sahani ya kulia chakula, na mwenzako akipiga filimbi, toa bastola na uipige sahani mara tatu ndani ya sekunde tatu. Wengi hawawezi mara ya kwanza. Wasioweza baada ya miezi mitatu ya mazoezi nawarudisha kwenye kopo, na hatugombani.

Sheria inaweza kukuumiza kuliko dubu. Marekani, aliyeingia kwa viza ya muda, ya utalii au masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha ya moto wala risasi zake, hata ya kuazima kambini. Vipo vighairi, kimojawapo ni cha mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini usijitafsirie mwenyewe. Muulize wakili. Mkimbizi aliyepokewa rasmi na mwenye ukaazi wa kudumu wanaweza kumiliki, wakitimiza masharti mengine na ya jimbo lao. Dukani utajaza Fomu 4473, ile ya serikali ya kununua silaha, na uongo ndani yake ni jinai. Kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye grinikadi. Kaka akikwambia "nitanunua mimi kwa jina langu, halafu nikupe unirudishie hela," mkatalie. Nalo hilo ni kosa, lenu wote wawili.

Ukiendesha gari kwenda Alaska kupitia Kanada, bastola iache nyumbani. Kanada huibana bastola kwa ukali, na tangu tarehe 21 Oktoba 2022 imesimamisha kuuzwa na kuhamishwa kwake. Kopo la dubu wanaliruhusu. Kwa ndege ni kinyume: bastola inaweza kusafiri kwenye mzigo wa chini ikiwa imetolewa risasi, imefungiwa kwenye kasha gumu na umeitangaza, lakini kopo la dubu haliruhusiwi kabisa, juu wala chini. Utalinunua ukifika.

Kwenye hifadhi za taifa za Marekani, tangu Februari 2010 unaweza kubeba silaha ikiwa sheria ya jimbo inakuruhusu. Kuifyatua ni habari nyingine. Yellowstone, kwa mfano, ni marufuku. Humo pia unatakiwa kukaa mita 91 au zaidi kutoka kwa dubu, hata kama simu yako haina kamera ya kuvuta karibu. Nje ya Alaska, grizli analindwa na sheria ya serikali kuu tangu 1975. Ukimuua katika kuokoa uhai, toa taarifa mara moja na uache mahali pale kama palivyo, maana wachunguzi watapima umbali na kuokota maganda ya risasi. Alaska wana utaratibu wao: ni wewe unayepaswa kumchuna, ukaikabidhi serikali ngozi yenye kucha pamoja na fuvu, na kuandika maelezo ndani ya siku 15. Kumchuna dubu mkubwa ni kazi ya saa nyingi, penye damu inayoweza kuwaita dubu wengine.

Ukirudi nyumbani, bastola iingie kwenye kasha la kufuli kabla hujavua viatu, hasa penye watoto. Kopo usiliache garini kiangazi. Joto likipita nyuzi 50 linaweza kupasuka, na hutaliendesha gari hilo kwa muda. Likipita tarehe yake, baada ya miaka mitatu au minne, nenda nalo uwanja wa wazi, simama na upepo mgongoni, upulize mpaka liishe, uhesabu sekunde na uone wingu linafika wapi.