Mtoni: zunguka kasri kwa kufuata maji

Wengi wanaofika magofu ya kasri ya Mtoni, kisiwani Unguja, husimama uani, wakapiga picha mbili tatu za kuta, wakaondoka wakisema hamna kitu. Kitu kipo, ila hakionekani kwa mwenye kutazama juu tu. Kasri hii ilijengwa baina ya 1828 na 1834 kwa ajili ya Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, na kila kilichokuwamo, bustani, hamamu (mabafu) na hata mahali pa kukaa jioni, kilipangwa kwa kufuata mto na bahari. Basi na wewe fuata maji. Mzunguko ni mfupi, nusu saa kwa mwendo wa taratibu. Upe saa nzima ukipenda kutazama kuta.

Panda daladala ya 502 ya Bububu kutoka mjini, shuka Mtoni, uelekee pwani. Matangi makubwa ya mafuta yaliyo jirani ndiyo alama yako. Ukimkuta mlinzi, salimia kwanza na uombe ruhusa. Vaa viatu vya kufunika, kwani mawe yaliyoanguka yana ncha.

Wakati wa kwenda unategemea mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi alasiri, tofauti yake ikizidi mita tatu. Ukitaka kushuka ufukweni na kuitazama kasri kutoka upande wa bahari, nenda asubuhi ya bamvua. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, wala bahari haiendi mbali.

Anzia uani. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa humu 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka 1886 kwamba ua huu ulijaa tausi, paa, heroe, mbuni, bata na mabata bukini, wote wakitembea huru. Mto uligawanywa ndani ya viwanja ukajaza mabwawa, kisha maji yakapita nyuma ya kasri kuingia baharini. Ukiwa hapo, tafuta ardhi inainamia wapi. Baada ya mvua ya masika utayaona maji yenyewe yakikuonyesha.

Nenda kwenye mabafu, mwisho wa ua. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tazama kuta kwa karibu: mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wa nusu mita na zaidi. Kwenye kuta za vyumba tafuta matundu yaliyopangwa mstari mmoja. Hayo yalishika boriti za mikoko, zilizobeba dari ya mawe na chokaa. Boriti haivuki kwa salama zaidi ya mita tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vya majumba yetu ya zamani ni virefu lakini vyembamba. Mti wa mkoko ndio uliopima chumba.

Dari ikishaanguka, ukuta hauishi. Mvua huingia kwa juu, huosha chokaa ya ndani, na kiini cha ukuta hubaki mawe yasiyoshikana. Mbegu za miti ya jamii ya mkuyu huletwa na ndege, mizizi hupenya kutafuta unyevu, na ukuta hupasuka. Kuung'oa mti mkubwa kwa nguvu ni kosa, kwani hutoka na mawe yake; hukatwa, mizizi ikauliwa taratibu, ndipo ufa ukazibwa. Kosa kubwa zaidi ni saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipumui. Unyevu hubanwa ndani, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya misimu michache lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa, basi.

Usipande ukuta wowote, wala usisimame chini ya tao mara baada ya mvua kubwa.

Malizia upande wa bahari, ilipokuwa benjile, baraza kubwa ya duara iliyoinuliwa juu. Seyyid Said alikunywa kahawa hapo na wakeze na watoto wake wakubwa, na Salme anamkumbuka akitembea huku na huko ameinamisha kichwa, akichechemea kwa sababu ya risasi iliyomkaa pajani. Kutoka hapo merikebu zote zilizoingia bandarini zilionekana. Alifariki 1856 akiwa safarini baharini, na baadaye kasri ikaachwa.

Rudi uani kwa upande wa pili ili usipite ulikopita. Ukiwa na nafasi, endelea na 502 hadi Bububu, kisha panda ndani ya shamba hadi Kidichi. Hamamu ya kule ingali na kuba na nakshi zake za chokaa, tausi na mitende, na ukishaiona utajua mabafu ya Mtoni yamepungukiwa na nini.